Besi ya sebuleni kwa mjomba

Mjomba Salum: Jamani, hizi spika zimenishinda. Nikiweka dansi, besi inavuma vuuuum mpaka vikombe vinalia kabatini na mwimbaji simsikii. Fundi ananishauri niziuze.

Idrisa: Shikamoo mjomba. Usiziuze, nakuomba. Spika ni nzima, kinachovuma ni chumba.

Mjomba Salum: Marahaba baba. Chumba kinavumaje?

Idrisa: Sebule ina urefu gani, ukuta kwa ukuta?

Zuhura: Nimepima sasa hivi. Mita 4 na sentimita 20.

Idrisa: Asante dada. Sauti inakwenda kama mita 345 kwa sekunde. Gawa kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8.4, unapata 41. Mawimbi ya hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, yakigonga ukuta yanarudi na kupandana na yanayokuja, yanaongezeana nguvu. Sasa mjomba, uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni hezi 41 hizohizo!

Mjomba Salum: Wallahi kweli! Si besi yote. Ni noti ileile, kila ikipita.

Mama Zuhura: Na dawa yake?

Idrisa: Jumamosi nakuja na maikrofoni ya kupimia. Tunaisimamisha pale masikio ya mjomba yanapokaa, spika zinapiga mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000, programu ya REW inachora grafu. Penye mlima, yaani sauti iliyozidi, tunapunguza kwa Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti, kwenye kompyuta yake ya muziki. Programu zote mbili ni za bure. Feni tu mtaizima wakati wa kupima.

Zuhura: Na penye bonde tunajaza?

Idrisa: Hapana dada, hapo ndipo watu wanapounguza spika. Kwenye bonde, yaani sauti iliyopungua, mawimbi yanafutana. Ukiongeza linalokwenda, linalorudi nalo linaongezeka, yanafutana vilevile. Na kuongeza sauti kwa desibeli 10 ni kuidai amplifaya nguvu mara 10. Bonde dawa yake ni kusogeza kiti au spika.

Zuhura: Mwangwi je? Humu ni vigae vitupu, hata kupiga makofi kunalia.

Idrisa: Huo kompyuta haiuwezi. Tandikeni zulia nene, mwekeni na mapazia mazito. Mjomba, kochi lako liko wapi?

Mjomba Salum: Limeegemea ukuta wa nyuma.

Idrisa: Ukutani ndipo besi inaporundikana. Livute mbele mita moja, weka wimbo uleule.

Mjomba Salum (saa 3:05 usiku): Vikombe bado vinalia, ila mwimbaji ametoka! Namsikia hadi anapovuta pumzi. Fundi nimemwambia siuzi.

Idrisa: Alhamdulillahi. Vikombe tutavinyamazisha Jumamosi, tukiukata huo mlima wa 41.

Mama Zuhura: Njoo asubuhi, mtaa bado kimya. Kochi liacheni hapo, nitahamisha meza.