Kumnyang'anya mtoto maiki kisa anasoma Kayumba (shule ya msingi ya serikali)? Leo HAPANA

Mama Wawili Kimara (mleta uzi)

Wakuu nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, pilau lenyewe limenikaa kooni. Naandika mikono inatetemeka kwa hiyo makosa ya kuandika mtanivumilia.

Mnamjua. Simtaji na sina sababu ya kumtaja. Yule yule wa kamati zote, mshika daftari la michango, yule ambaye hawezi kuingia ukumbini bila watu wote kujua watoto wake wanasoma inglish midiamu. Salamu yake ni "jamani nimechelewa, nilipitia benki kulipa ada". Kila akionekana katoka kulipa ada, sijui hiyo shule inakusanya ada kila asubuhi kama nauli ya daladala!

Leo ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu. MC akasema mtoto mwenye shairi, wimbo, chochote, aje mbele. Mwanangu wa darasa la nne akanyanyuka mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Ana ngonjera aliyofundishwa na mwalimu wake, wiki nzima anaighani, anaosha vyombo anaghani, anaoga anaghani, mpaka mdogo wake wa miaka mitatu kaishika. Akafika mbele, MC akampa maiki, akaanza "Hamjambo wageni waalikwa". Hapo hapo huyu mama akachomoka meza ya mbele na lile gauni lake la kuburuza, AKAMNYANG'ANYA MAIKI. Mkononi. Halafu akasema, na maiki iko wazi, mpaka waliokuwa wanapakua chakula nje wakasikia: "Huyu ni wa Kayumba atatuchelewesha, tumpe mwenye Kiingereza wageni wasikie."

Mtoto wa miaka 9 wakuu. Kanyang'anywa maiki na mtu mzima mwenye wajukuu.

Na watu wakacheka! Wifi zangu wawili niliwaona kabisa wanacheka wameziba midomo na vitambaa vya mezani. Mwanangu alibaki pale mkono uko mbele hivi, vidole vimekunja vilevile alivyoshika maiki, ananitafuta kwa macho kwenye zile meza zote.

Akapandishwa wa kwake. Nikasema haya ngoja nisikie hicho Kiingereza cha kunyang'anyia watu maiki. Akataja siku za wiki! Mandei, Tyuzdei, Wenzdei, akaruka Alhamisi, akamalizia Sandei. Ukumbi mzima vigelegele, kuna mjomba alitoka kule nyuma anacheza na noti ya elfu kumi akamtunza. Siku sita za wiki, elfu kumi!

Sasa naomba niseme kitu na mnisikie vizuri. Mimi na baba watoto HATUKUSHINDWA. Tulikaa tukapiga hesabu tukachagua. Ada ya hizo shule kwa watoto wawili ni tofali na mabati ya nyumba nzima, na mimi nimechoka kupanga. Tangu 2016 shule ya serikali haina ada, michango ipo naijua, ya mlinzi nalipa, ya uji nalipa, ya karatasi za mtihani nalipa. Darasa limejaa naijua hiyo pia, sidanganyi mtu, kuna siku madaftari yanasahihishwa kwa zamu. Ila mwalimu wa mwanangu alinipigia simu yeye mwenyewe, kwa salio lake, akaniambia mama huyu mtoto alikuwa anageuza b na d, nimekaa naye wakati wa mapumziko sasa ameacha, nyumbani msimamie. Mwalimu mwenye darasa lililofurika! Na ngonjera kaitunga huyo huyo mwalimu. Halafu mtu anakuja na gauni lake anamnyang'anya mtoto maiki hata beti la kwanza halijafika katikati.

Tena kwa nguvu. Maiki ilipiga ule mlio wa kukwaruza masikio, wote mliokuwepo mlisikia, msijifanye.

Kichwa Maji

Mama pole. Kwa hiyo kwa kifupi mtoto kanyang'anywa maiki. Na wewe ulikuwa wapi? Umesema ulimwona mtoto mkono uko mbele, ulikuwa umekaa unaangalia?

Mama Wawili Kimara

Nilisimama! Nilishikwa na watu wawili huku na huku, "shemeji tulia, shughuli ya watu hii". Shughuli ya watu ndo mtoto wangu anyang'anywe maiki? Nitamtafuta kwenye kikao cha kuvunja kamati, mtanisikia.

Zao la St Kayumba

Mwenyekiti wa wazee wa St Kayumba niko hapa, wapi waumini wenzangu 😂

Mwambie huyo mama hivi. Ilboru ya nani? Kibaha ya nani? Mzumbe, Kilakala, Tabora Boys, Msalato? Sekondari za serikali zote. Hao wazazi wa inglish midiamu wanalipa ada miaka saba kamili halafu matokeo ya la saba yakitoka wanafunga na kusali mtoto apangiwe Kibaha. Nimesoma Kibaha nilikuta nusu ya bweni ni watoto wa hizo shule za basi la njano. Kama serikali mbovu mbona mnatufuata?

Baba Ada

Tuache hisia jamani. Mimi nasomesha private na sijamnyang'anya mtu maiki. Tatizo mnalikwepa. Mtoto wa Kayumba anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia form one anakuta Baiolojia, Jiografia, Fizikia zote kwa Kiingereza. Anapewa wiki kadhaa za kozi ya Kiingereza eti tayari. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza darasani kwao Kayumba, kufika form one akawa anakariri notisi za Baiolojia neno kwa neno, ukimwuliza maana hajui. Alikuwa na akili yule, lugha ndo ilimmaliza. Mimi ada ninayolipa nanunua lugha tu, mengine yote najua Kayumba yapo.

Mama Wawili Kimara

Sijauliza form one. Mwanangu yuko la nne. Nimesema KANYANG'ANYWA MAIKI. Hata angekuwa hajui lugha yoyote duniani, hiyo ndo sababu ya kumnyang'anya maiki mbele ya watu?

Teacher Mchovu

Baba Ada hiyo lugha unayonunua nafundisha mimi. Nina miaka kadhaa kwenye hizo shule. Acha nikwambie, zikitangazwa ajira za ualimu serikalini staff nzima tunahamia intaneti kafe, anayekufundishia mtoto siku hiyo ni yule wa chekechea na mlinzi. Walimu bora wanaondoka kila ajira zikitoka kwa sababu huku mshahara unachelewa, mkataba unaisha Desemba ili wasikulipe likizo. Halafu ripoti za watoto tunaambiwa mtu asipate chini ya B, mzazi akiudhika anahamisha, tunapoteza ada. Hiyo A ya mwanao kaiangalie vizuri.

Baba Ada

Taja shule.

Teacher Mchovu

Nitaje nile nini

Mjukuu wa Mwalimu

Mnakumbuka enzi zile matokeo yakitoka wanavyotupigia kelele, kumi bora kitaifa, kumi bora kitaifa. Tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Januari 2023 NECTA (Baraza la Mitihani) waliacha kutaja shule bora na mwanafunzi bora. Sasa hivi wanajitangaza wenyewe kwenye mabango, kila shule ni ya kwanza, ukipanda gari kutoka Mbezi mpaka Ubungo unapita shule za kwanza tupu.

Mleta uzi mwanao aendelee na ngonjera. Na huyo mama mkumbushe sahivi kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili na linafundishwa kwa Kiswahili. Tutaona mwenye Kiingereza atanyang'anya maiki ya nani.

Kichwa Maji

Ila mama maiki na wewe umezidisha, eti maiki ilipiga mlio. Maiki za kukodi zote zinapiga mlio hata zisiponyang'anywa 😂😂

Mama Wawili Kimara

Usiniite mama maiki. Ilipiga mlio kwa sababu ILIVUTWA.

Mama Tegeta

Mimi niko private na nalia kuliko nyie. Mwanangu wa la pili anaamka saa kumi usiku. SAA KUMI. Basi la shule linapita saa kumi na moja kasoro, linazunguka Bunju yote, Boko yote, linarudi Tegeta lilikotoka ndo liende shuleni. Anafika amelala, uji anaunywa macho yamefumba, jioni anashushwa saa kumi na mbili na homuweki kurasa nne. Mkubwa wake nilikuwa nimemweka bweni nikapumua kidogo, 2023 serikali ikakataza bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne. Sikatai, watoto wadogo wale, sababu zilikuwepo na wote tunazijua. Ila nikarudi kwenye basi. Na nauli ya basi haimo kwenye ada, ni laki nyingine pembeni kila muhula, mafuta yakipanda inapanda, mafuta yakishuka wanakaa kimya.

Zao la St Kayumba

Mama Tegeta mtoto wa Kayumba anaamka saa kumi na mbili, anatembea dakika kumi, amefika. Rudi nyumbani kanisa liko wazi.

Mama Tegeta

Nirudi darasa lina watoto mia na kitu?

Zao la St Kayumba

Madarasa yamejengwa. Zile hela za UVIKO (korona) za 2021 zilijenga madarasa elfu 15, usiseme hakuna kitu.

Mjukuu wa Mwalimu

Elfu 12 kati ya hayo ni ya sekondari mkuu, shule shikizi, vile vituo vidogo vya watoto walio mbali na shule mama, ndo zilipata elfu 3. Msingi za mjini bado zimefurika. Mpongeze lakini weka hesabu sawa.

Baba Ada

Asante! Sasa nani ana hisia hapa?

Upanga Kwetu

Nyie mnagombana bure, serikali ina shule za msingi za Kiingereza. Olympio na Diamond hapo mjini za serikali kabisa, mnachangia ila sio milioni za watu. Shida ni nafasi. Mwezi wa kufungua shule mpaka watu usiowajua wanakusalimia kwa jina, kumbe kasikia una jirani mwalimu pale.

Mkenya Hapa

Hamjambo ndugu zetu. Nyinyi mnalia na maiki, sisi huku CBC, mtaala wa umilisi, imetumaliza. Gredi ya 7 walituwekea huko huko shule za msingi kuanzia 2023, mwalimu mmoja anafunza masomo ambayo hata hakuyasomea. Halafu homework ni ya mzazi. Mtoto anakwambia saa tatu usiku, mum kesho tunatakiwa tuwe na manila, pamba na majani ya ndizi. Majani ya ndizi hapa Umoja, Nairobi, nitatoa wapi usiku?

Teacher Mchovu

Mkenya karibu, hata huku yameanza. Juzi nimeambiwa nikusanye vifuniko vya chupa kwa watoto 32.

Mama Wawili Kimara

Jamani naomba turudi kwenye mada. Mtoto yuko chumbani hajala. Nimempelekea chakula kaniuliza "mama Kayumba ni kosa?" Nijibiwe hapa, kuna mtu mwenye namba ya MC, nataka ile video kabla haijafutwa, nataka ukoo mzima uone MAIKI ILIVYOVUTWA.

Mjukuu wa Mwalimu

Aisee hapo kwa mtoto umenigusa. Mwambie aighani ngonjera yote leo hapo hapo sebuleni, baba yake apige makofi, mrekodi, tuma ukoo mzima. Usisubiri video ya MC.

Kichwa Maji

Ila tuwe wakweli, chakula kilitosha? Maana mimi nilialikwa sehemu nyingine leo, mchango elfu hamsini, nimekuta wali na juisi ya maji.

Mama Tegeta

Usinikumbushe michango. Hizi shule zetu zina orodha ya vifaa kila Januari, karatasi za chooni kumi, sabuni ya maji lita tano, rimu mbili. Mtoto wa la pili rimu mbili! Karatasi elfu moja anaandika nini? Wakiwa watoto mia tatu hizo ni rimu mia sita kila mwaka na mtihani bado wanatutoza hela ya karatasi.

Baba Ada

Kwetu rimu ni tatu. Na lazima ziwe nyeupe kabisa, nilipeleka za bei rahisi zikarudishwa na mtoto.

Zao la St Kayumba

Kayumba sisi tunapeleka ufagio wa chelewa na kidumu cha maji. Kwisha.

Teacher Mchovu

Hizo rimu msiulize ziko wapi. Stoo ya kwetu ninavyoijua mimi ina viti vibovu tu.

Baba Ada

Subiri, unasema zinauzwa?

Teacher Mchovu

Sijasema kitu mimi

Duka la Stesheni

Wazazi rimu A4 nyeupe zipo Kariakoo jumla na rejareja, boksi zima tunaleta mpaka ulipo, Tegeta na Mbezi tunafika.

Mama Tegeta

Boksi bei gani?