Kontena la CentOS 6 linakufa na 139 kwenye Debian 11, mengine yote mazima

fundi_seva
Wakuu, naomba msaada. Kuna programu ya zamani ya uhasibu iliyojengwa kwa CentOS 6, inaendeshwa ndani ya Docker (zana inayoendesha programu kwenye kontena, yaani boksi lililojitenga). Seva ilikuwa Debian 8, sasa ni Debian 11, kerneli 5.10. Tangu kuhama:

`docker run --rm centos:6 bash -c 'echo sawa'; echo $?`
`139`

Hakuna ujumbe wowote, hata `docker logs` ni tupu. centos:7 na ubuntu zinawaka bila shida. `--privileged` na `--security-opt seccomp=unconfined` hazijabadilisha kitu. Je, image (kifurushi kinachozaa kontena) imeharibika?

kina_kirefu
Image ni nzima mkuu. 139 ni 128 + 11, maana yake prosesi imeuawa kwa signali 11, SIGSEGV (imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa). Bash inakufa kabla haijaandika neno, ndiyo maana logi ni tupu. Ushahidi uko kwenye kerneli ya seva yenyewe:

`sudo dmesg | grep vsyscall`

Utakuta mstari unaosema `vsyscall attempted with vsyscall=none ip:ffffffffff600400`. Angalia hiyo anwani. Zamani kerneli ya x86-64 iliweka ukurasa mmoja wa kumbukumbu, unaoitwa vsyscall, kwenye 0xffffffffff600000 kwa kila prosesi, mahali palepale siku zote: gettimeofday mwanzoni, time kwenye 0x400, getcpu kwenye 0x800. glibc (maktaba ya msingi ya C inayotumiwa na karibu kila programu) 2.13 na za nyuma yake huruka moja kwa moja hadi hapo zinapotaka kujua saa. CentOS 6 ina glibc 2.12, na bash huuliza saa inapoanza tu.

Anwani isiyohama ni zawadi kwa mvamizi, kwa hiyo kazi hiyo ilihamishiwa vDSO, ambayo hupangiwa mahali papya kila programu inapowashwa. Debian wao wameufunga kabisa ule ukurasa wa zamani. Kontena halina kerneli yake, linatumia ya seva. Na seccomp huchuja miito ya mfumo, yaani maombi ya programu kwa kerneli. Hapa mwito haukufikia kuwa mwito, ndiyo maana swichi zako hazikusaidia.

mdau_linux
Si unakopi tu libc.so.6 ya Debian 11 ndani ya kontena? Rahisi.

nanga64
Usifanye hivyo. libc.so.6 na ld-linux-x86-64.so.2 ni lazima zitoke toleo moja. Ukichanganya, hata `ls` haitawaka ndani ya kontena, na utaanza kutafuta kosa jipya juu ya lile la kwanza.

Rekebisha kwenye seva. Fungua `/etc/default/grub` (mipangilio ya grub, programu inayowasha kerneli), ongeza neno moja:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet vsyscall=xonly"`

Kisha `sudo update-grub`, buti upya, uhakikishe:

`grep vsyscall /proc/self/maps`

Mstari ukionekana na ruhusa `--xp`, tayari. Wengi mtandaoni wanaandika `vsyscall=emulate`. Inafanya kazi, lakini inaacha ukurasa usomeke pia, na glibc haihitaji kuusoma. xonly ipo kuanzia kerneli 5.3, kwenye Debian 10 yenye 4.19 huna budi kutumia emulate. WSL2 (Linux ndani ya Windows) haina grub: weka `kernelCommandLine = vsyscall=emulate` chini ya `[wsl2]` kwenye faili la .wslconfig, halafu `wsl --shutdown`.

Kama seva ni ya kukodi na huruhusiwi kugusa vigezo vya kubuti, endesha CentOS 6 kwenye mashine pepe ya KVM na kerneli yake ya 2.6.32. Ila kumbuka masasisho yake yalikoma Novemba 2020, usiiweke wazi kwenye intaneti.

fundi_seva
xonly imekubali, programu inawaka. Asanteni sana. Sasa kuna seva nyingine, ya zamani, yenye Docker 19.03. Pale ni kinyume: ubuntu:22.04 ndiyo inagoma. Haifi, ila kila programu inayofungua nyuzi (threads) inalalamika `Operation not permitted`. Ni vsyscall tena?

kina_kirefu
Hapana, huo ni ugonjwa mwingine. Kuanzia 2.34, glibc hujaribu kwanza mwito wa mfumo uitwao clone3 kufungua uzi. Ikijibiwa ENOSYS, inaelewa kwamba mwito huo haupo na kurudi kwenye clone ya kawaida. Orodha ya seccomp ya Docker za zamani haiujui clone3, kwa hiyo inajibu EPERM (ndiyo hiyo `Operation not permitted`). glibc inachukulia kwamba imekatazwa, inakata tamaa hapohapo.

Hapa ndipo `--security-opt seccomp=unconfined` ina maana: ikipona nayo, umethibitisha. Usiiache hivyo kwenye seva ya kazi, kwa sababu umeondoa kichujio chote. Pandisha Docker hadi 20.10.10 au zaidi, na libseccomp2 pamoja nayo, halafu unda kontena upya.

nanga64
Nyongeza: ukiona `version 'GLIBC_2.34' not found`, hapo kerneli haihusiki kabisa. Programu imejengwa kwenye mfumo mpya kuliko unaoiendeshea. Ijenge upya kwenye mfumo wa zamani zaidi unaotaka kuuhudumia.