Nimelipia shaba nikasukiwa alumini: stata ya mashine yangu ya upepo imeungua na hakuna anayekubali kosa

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaficha.

Kwa wazazi wangu ni kule mbele ya Kisongo, uelekeo wa Monduli. Nguzo za umeme hazijatufikia. Sola ndogo tunayo, ila wenyeji wa Arusha mnaijua Juni na Julai, mawingu yanalala juu ya mji siku nzima na betri inaamka tupu. Upepo ndio haukosekani, unamwaga vumbi mpaka kwenye sufuria. Nikaamua kujenga kwa mkono mashine ya upepo ya kuzalisha umeme, kwa mfumo wa yule Mskoti Hugh Piggott, anayefundisha watu kujijengea mashine hizi: sahani mbili za chuma zenye sumaku 12 kila moja, zinazungukia habu ya gurudumu la gari kuukuu, na katikati yake stata, yaani sehemu isiyozunguka inayotoa umeme, yenye koili (mafundo ya waya uliozungushwa) 9, tatu kwa kila fezi. Mapanga nilichonga mwenyewe kwa mbao, kipenyo mita 2.4. Sumaku nilizisubiri miezi minne.

Kitu pekee nilichoogopa kukiharibu ni koili. Mizunguko 80 kila moja, waya wa milimita 1.4, mfumo wa volti 24. Nikasema hapa sijaribu, nampa mtu aliyezoea. Nikampelekea fundi wa kusuka mota hapa mjini, nikamwandikia vipimo kwenye karatasi, nikamkabidhi laki moja na nusu ya waya wa SHABA. Ya ufundi nililipa mbali. Akaniambia, "Usijali mdogo wangu, nilianza kusuka mota za pampu hujazaliwa." Mtu mzima, ana mvi, nikamwamini.

Koili zikaja zimepangwa vizuri, rangi ileile ya shaba, zinang'aa. Ncha alikuwa ameshazisokota na kuzivisha mipira, akasema ameniokolea kazi ya kuunga. Nikazipanga kwenye kalibu ya plaiwudi, nikaweka faibaglasi, nikamwaga rezini. Waliowahi kufanya hii kazi wanajua, ukishamwaga rezini hakuna kurudi nyuma. Inakuwa jiwe.

Nikazungusha kwa mkono, mita ikaonyesha volti safi kwenye fezi zote tatu. Nilifurahi mno, na ndipo nilipodanganyika. Volti ya bila mzigo inatokana na sumaku, idadi ya mizunguko na kasi. Waya uwe shaba, uwe alumini, volti ni ileile! Tofauti unaiona siku mashine inapoanza kusukuma ampea.

Wiki ya tatu, usiku, upepo mkali. Mlio wa mashine ukabadilika, ukaanza kunguruma na nguzo ikawa inatetemeka. Nikakimbilia breki, ambayo kwa mashine hizi ni kuunganisha nyaya tatu za stata pamoja ili ijizuie yenyewe. Haikusimama. Ilipungua tu, ikaendelea kunguruma, maana fezi moja ilikuwa imeshakatika ndani. Baba yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa amesimama chini ya nguzo na tochi akiniuliza kuna nini. Nilimpigia kelele atoke kama vile nampigia mtoto. Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Asubuhi nikaishusha. Rezini imebadilika rangi pale kwenye maungio, harufu ya kuungua. Nikaikata kwa grainda. Wakuu, ndani ni nyeupe. NYEUPE. Rangi ya shaba ilikuwa vanishi tu ya juu. Nikachukua kipande mpaka kwa kijana anayenunua vyuma chakavu, akakwangua mara moja kwa kisu, akasema, "Hii alumini kaka, siwezi kukupa bei ya shaba." Kijana wa chakavu anajua kwa sekunde mbili, fundi wa miaka yote hiyo aniambie hakujua?

Asiyeelewa uzito wa jambo hili asikie. Alumini inazuia umeme zaidi ya shaba, kama mara moja na nusu na ushee. Kwa hesabu yangu, stata ya shaba ilitakiwa isome kama omu 1.1 (omu ndiyo kipimo cha huko kuzuia umeme) kati ya nyaya mbili; ya kwangu ilisoma 1.8. Kwa ampea 10, badala ya kupoteza wati 110 kama joto, inapoteza 180, zimefungiwa ndani ya rezini. Halafu alumini ukiisokota tu bila kuunga kitaalamu inajenga kutu nyeupe isiyopitisha umeme, kiungio kinachemka mpaka kinakatika. Sasa ndio naelewa kwa nini "aliniokolea kazi" ya ncha. Risasi ya kawaida ya kuchomelea nyaya haishiki kwenye alumini. Ningejaribu kuunga mwenyewe kwa risasi ningegundua palepale mezani.

Na si hilo tu. Ile stata iliyokatwa unaona vichwa vya waya, unavihesabu kimoja kimoja. Nikakuta koili ina 80, nyingine 77, nyingine 72. Niliandika themanini kwa tarakimu na kwa maneno!

Nimemrudia. Kwanza alisema, "Alumini na shaba zote si zinapitisha umeme?" Nilipomwonyesha kipande akageuka, kosa ni la duka, yeye kauziwa. Nikamwambia twende wote dukani. Muuzaji anasema hamjui, alete risiti. Risiti hakuna. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole na mimi nimebaki na mzigo wa rezini uani.

Wanaosema ningeshika koili ningejua, ndiyo, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu. Koili yangu moja ilitakiwa iwe kama gramu 220. Lakini sikuwa nimewahi kushika koili ya namna hiyo, na nilikuwa nimelipia mtu anayezishika kila siku. Anayesukiwa mota ya pampu atajuaje, na mota inarudi imeshafungwa boliti? Ni wangapi hapa Arusha na Moshi mota zao zinaungua kila baada ya miezi miwili wanaambiwa ni umeme mdogo?

Nataka hela yangu ya waya irudi. Kuna aliyewahi kupeleka jambo kama hili FCC, ile Tume ya Ushindani inayolinda walaji? Alianzaje bila risiti? Na mwenye kujua duka linalokubali kukwangua waya mbele ya mteja na kuupima kwenye mizani, aandike hapa. Fundi mpya nitamlipa vizuri, ila sharti ni moja: nakaa pembeni yake nahesabu mizunguko yote 720 kwa sauti, na ncha anaziacha wazi, naunga mwenyewe.