Tupeane uzoefu: shoo za kusimama Mwanza, uliingiaje, ulisimama wapi na ulitokaje?

Binti Pasiansi
Habari za muda huu wakuu. Mdogo wangu wa kiume kamaliza form four na matokeo yamekuja vizuri, nilimwahidi akifaulu nampeleka shoo, sasa ahadi ni deni. Tiketi nimechukua za kawaida, zile za kusimama. Ni mara yake ya kwanza na mimi ndo niliyeaga nyumbani kwa mama kwamba nitamrudisha salama, kwahiyo naombeni mnisaidie kwa uzoefu wenu maana mimi nina hofu na ntasema kwanini.

Miaka mitatu iliyopita nilienda shoo moja hapa hapa mjini na rafiki yangu. Tulifika saa mbili usiku tukakuta geti lililofunguliwa ni moja, foleni imeshageuka lundo. Tukiwa katikati ya lile lundo huko ndani wakaanza kujaribu mitambo, besi ikapiga mara mbili tatu tu, watu wa nyuma wakajua shoo imeanza, wakasukuma. Wakuu nilinyanyuliwa. Miguu haigusi chini, nimeenda kama hatua nne tano hivi nabebwa na migongo ya watu, kiatu kimoja kikabaki huko huko. Rafiki yangu nilikuwa nimemshika mkono nikausikia unateleza vidole kimoja kimoja mpaka ukatoka. Nilikuja kumpata saa saba usiku kakaa chini ukutani analia, simu wameshaichomoa, na yangu ilikuwa imezima chaji muda mrefu. Masaa yote hayo hujui mwenzio yuko hai au la. Sijaenda tena shoo tangu siku hiyo.

Sasa nyie mnaoenda kila mara mnafanyaje?

Mkaa Getini
Pole sana dada. Mimi nimefanya kazi ya kukagua tiketi getini misimu kadhaa, viwanja vya Kirumba na Furahisha, ntakwambia tunavyoona sisi wa upande ule. Saa la kwanza baada ya geti kufunguliwa watu wanaingia kistaarabu kabisa, tunasalimiana na tunataniana. Balaa linaanza pale kundi kubwa linapokuja kwa pamoja, na Mwanza kundi hilo linakuja usiku umeshaingia kwasababu kila mtu anasema wasanii wakubwa hawapandi mapema. Ni kweli hawapandi mapema, ila geti halijali nani anapanda saa ngapi. Nenda jua likiwa bado lipo. Mle mapema, mpite Mwaloni pale soko la samaki mkale ugali na sato mshibe, halafu mzame ndani.

Lingine la tiketi. Kama ni ya kwenye simu yenye ile michoro ya kuskani, usiipost status kwa furaha. Nimewakuta watu zaidi ya mara moja wanalia getini, tiketi ni halali wamelipia wenyewe lakini mashine inasema imeshatumika, kumbe kuna mtu kaipiga picha kwenye status akatangulia kuingia nayo. Hapo sisi hatuna cha kumsaidia. Na piga skrinshoti kabisa ukiwa nyumbani maana ukifika pale mtandao unagoma.

Chupa, mwavuli na begi kubwa mtaviacha nje, na anayevishika kule nje humjui.

Nesi wa Nyakato
Dada hicho kilichokunyanyua ndo kitu ninachotaka kila anayesoma hapa akijue vizuri. Watu wanadhani kwenye msongamano mtu anakufa kwa kukanyagwa. Wapo wanaokanyagwa, ila wengi wanakufa wamesimama wima, kifua kimebanwa mbele na nyuma, mapafu hayana pa kutanukia, hewa ipo ila huwezi kuivuta. Watu wakishafika sita saba kwenye mita moja ya mraba wanakuwa kama maji, mmoja akisukumwa wote wanayumba na hakuna mwenye uwezo wa kusimama kwa nguvu zake hata awe baunsa.

Kilichokukuta wewe cha mitambo kujaribiwa kimeshaua watu. Desemba 1979 mji wa Cincinnati kule Marekani, shoo ya bendi ya The Who, tiketi za kusimama zisizo na namba ya kiti, anayewahi ndo anapata mbele, kama hizi zetu, milango iliyofunguliwa michache, watu wakasikia muziki ndani wakadhani imeanza. Walikufa 11 mlangoni hata hawajaingia, na mji ule ukapiga marufuku shoo za namna hiyo mpaka 2004. Na sio ya kule tu. Machi 2021 Dar pale Uwanja wa Uhuru watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano wakati wa kumuaga Rais Magufuli, pale hapakuwa na muziki wala pombe, ni watu wengi tu na nafasi ndogo.

Mimi yalinikuta mbele ya steji. Msanii karusha fulana, upande mzima ukaja kwetu. Nilichofanya nilikunja mikono mbele ya kifua kama bondia, ngumi karibu na kidevu, viwiko vikatoa nafasi kidogo ya mbavu kupumua. Sikusukuma kurudi nyuma maana unamaliza nguvu bure. Watu wanakuja kama mawimbi, yakija unaenda nayo, yakitulia kidogo unapiga hatua moja ya upande, tena unangoja, tena hatua moja, hivyo hivyo kimshazari mpaka nikatokea pembeni. Kama dakika kumi ila niliona usiku mzima. Simu yangu ilianguka na sikuinama kuiokota, na nakuomba mwambie mdogo wako hivyo hivyo, kiatu, simu, kofia, kikianguka kiache kiende. Anayeinama hainuki.

Na kuna dalili ya kuondoka kabla ya yote hayo. Ukiona huwezi kuinua mkono kujigusa uso bila kumsumbua mtu, ondoka hapo hapo.

Binti Pasiansi
Nesi nimesoma huku natetemeka, asante sana dada yangu. Hakuna aliyewahi kunielezea kilichonipata, nilikuwa nadhani ni mimi tu niliogopa.

Fundi Mitambo Igoma
Mimi nafunga spika, nafanya kazi hii miaka mingi. Nawaomba muache kung'ang'ania mbele kabisa. Mbele pale kuna spika za besi chini ya steji na mnara wa spika kushoto na kulia, ukisimama hapo unasikia mtetemo kuliko maneno ya wimbo. Tafuta ile meza ya fundi inayokuwa katikati ya uwanja imezungushiwa vyuma, simama mbele yake kidogo au pembeni yake. Sisi sauti tunaipangia masikio yetu pale, kwahiyo anayesikia vizuri kuliko wote uwanja mzima ni aliyesimama karibu na sisi. Na vile vyuma vinakupa upande mmoja usiosukumwa.

Masikio sasa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 walitoa mwongozo kwamba sauti kwenye kumbi isizidi wastani wa desibeli 100, na sauti ya kiwango hicho sikio linaivumilia kama robo saa tu kwa siku, shoo zetu zinakwenda mpaka alfajiri. Mimi sikio la kushoto linaita ziiii usiku kucha, hata nikilala kwenye nyumba iliyo kimya, sitaki mtoto wa mtu alipate hilo. Kuna vizibo vya sponji, ulizieni duka la dawa au maduka ya vifaa vya ujenzi. Unakikunja kwa vidole kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono mwingine, unakiingiza, unakishikilia mpaka kitanuke. Pamba haisaidii kitu cha maana. Muziki utausikia vizuri tu, tena safi.

Msomaji Bwiru
Chukueni sweta jamani. Upepo wa ziwani saa nane usiku sio mchezo hata kama mchana mlikuwa mnatoka jasho. Na kama ni msimu wa vuli vaeni raba zinazofungwa kamba, mvua ikipiga uwanja unakuwa tope, ndala zinabaki.

Mama wa Wawili, Buhongwa
Mimi nilimpeleka binti yangu akaanguka. Hakuwa mgonjwa, alikuwa hajanywa maji tangu mchana kwa kuogopa kupoteza nafasi akienda chooni. Alianza kusema mama masikio yameziba, nikamwangalia usoni kwenye mwanga wa steji nikaona midomo imepauka, kabla sijajibu kashuka kama kanga iliyodondoka kwenye kamba. Vijana waliokuwa pembeni yetu, siwajui mpaka leo na Mungu awabariki, walitengeneza duara kwa migongo yao, wengine wakapaza mikono kuita walinzi. Tulimlaza tukanyanyua miguu, akazinduka, maji taratibu. Wale vijana walikosa wimbo waliokuja kuusikia. Kwahiyo mnywe maji na mkojo usizuiliwe, na akianguka mtu mbele yako hata humjui geuza mgongo umzibie wenzio wasije juu yake.

Mvuka Maji
Mimi natokea Sengerema. Zamani shoo ikiisha hesabu yangu ilikuwa ni kivuko cha Kigongo, ukichelewa unalala kwenye gari na baridi yake. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 ni kilometa tatu tu juu ya maji unafika Busisi, nashukuru sana. Ila uzoefu wangu wa kutoka haujabadilika, naondoka wimbo mmoja kabla ya mwisho au nabaki nusu saa baada ya mwisho, katikati ya hapo sitoki kamwe. Na nikiingia tu kitu cha kwanza namuuliza mlinzi mageti mengine ya kutokea yako wapi, maana watu wote wanarudi kwenye geti waliloingilia hata kama kuna lingine liko wazi mita hamsini.

Boda Buzuruga
Naongezea hapo kwa mkuu. Abiria msipande boda za mlangoni usiku ule, bei inaruka, wengine humo sio wenzetu na wengine wamekunywa. Pangeni mapema na boda mnayemjua wa mtaani kwenu, mpatane bei kabisa na mahali, na mahali pawe mbali na geti. Mimi wateja wangu wa Furahisha nawaambia tukutane chini ya lile daraja la waenda kwa miguu, upande wa kuelekea mjini. Hata asiye na chaji analiona.

Binti Pasiansi
Wabeja sana wote. Nimekaa na mdogo wangu jana jioni nikamsomea yote, ile ya mikono kama bondia tumeifanyia mazoezi sebuleni, mimi namsukuma yeye anaenda upande, mama anatushangaa. Tumekubaliana tutaingia saa kumi na moja jioni, tutasimama karibu na meza ya fundi, tukipotezana kila mtu anaacha kumtafuta mwenzie ndani, moja kwa moja chini ya daraja la Furahisha tunasubiriana. Boda ni jirani yetu, nimeshamlipa nusu. Simu kubwa naiacha nyumbani nabeba kitochi, chaji yake inakaa siku tatu, na namba ya mama nitamwandikia dogo mkononi kwa kalamu ya wino. Vizibo nimepata pea mbili.

Rafiki yangu wa siku ile nimempigia pia. Kasema hawezi kuja, ila atakaa macho mpaka nimpigie kwamba tumefika.