Naomba ushauri: dawa ya presha, halafu kipimo cha figo?

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 61, presha ilifika 168/102. Alianzishiwa amlodipini miligramu 10. Presha ikashuka, ila vifundo vya miguu vikavimba hadi viatu vikawa haviingii. Daktari akaipunguza hadi 5, akaongeza losartani (dawa nyingine ya presha), na akataka baada ya wiki mbili apime figo na potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu). Hapo ndipo nilipoachwa. Figo zinaingiaje? Foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza. Shangazi anasema wanatula hela tu, eti kitunguu saumu kinatosha (na yeye mwenyewe anameza vidonge!). Sasa mama anataka kuacha vyote kwa kuwa kichwa hakimuumi tena. Mwenye uelewa, nimwambieje?