Mjadala: Binti wa miaka 10 achanjwe HPV au tungoje akue?

Mama Neema, Himbi: Jana kikao cha wazazi kiliisha kwa kelele, ndiyo maana naleta jambo hapa. Shangazi yake Neema anakaa Gisenyi. Binti zake wote wawili walichanjwa shuleni dhidi ya HPV, kirusi cha zinaa kinacholeta kanseri ya mlango wa kizazi. Rwanda ilianza mwaka 2011, ya kwanza Afrika kuitoa nchi nzima. Nikivuka Petite Barrière, mpaka wetu hapa Goma, nimefika kwake. Niliposema na sisi tuidai, baba mmoja akasimama: kumchanja mtoto ugonjwa wa zinaa ni kumpa ruhusa. Mwasemaje?

Baba Amani, Ndosho: Baba huyo ni mimi, sijifichi. Watoto wangu wote walipata chanjo ya polio, kwa hiyo msiniite mpinga dawa. Lakini binti yangu ana miaka 11, mambo hayo hayajui. Si ingoje siku ya posa? Tena nasikia inakausha kizazi.

Muuguzi wa Majengo: Ndugu yangu, siku ya posa huenda umechelewa. Chanjo hii huzuia kirusi kisiingie. Kilichokwisha kuingia haikitoi. Ndiyo sababu WHO, Shirika la Afya Duniani, inalenga mabinti wa miaka 9 hadi 14. Na bwana harusi je, yeye umemuuliza alikopita? Binti anaweza kuolewa bikira, akakipata kwa mumewe. La kukausha kizazi halina ushahidi. Ninaowaona wakitolewa kizazi ni wenye kanseri yenyewe. Aina mbili za kirusi, 16 na 18, ndizo huleta karibu asilimia 70 ya kanseri ya mlango wa kizazi, na chanjo inakinga dhidi ya zote mbili.

Riziki, Birere: Mabinti, mabinti. Na sisi wa miaka 40? Mama yangu mdogo alivuja damu miezi mingi, kituoni wakamwambia ni umri. Alipopimwa, kanseri ilikuwa imeshaenea. Franga zikipatikana zianze na kipimo cha siki: wanaipaka kwenye mlango wa kizazi, wanangoja dakika moja, pakigeuka peupe wanajua pa kutibu.

Muuguzi wa Majengo: Riziki, pole. Hapo sikupingi, hata aliyechanjwa atahitaji kipimo akiwa mtu mzima. Ila tangu 2022 WHO inakubali dozi moja tu kwa mabinti. Gharama imeshuka, tusigombanishe mama na mtoto.

Baba Amani, Ndosho: La bwana harusi sikuliwaza. Ila niulizwe kwanza. Sitaki mtoto arudi na pamba mkononi ndipo nijue.

Mama Neema, Himbi: Kwa hilo niko nawe. Kikao kijacho uje na swali hilo, mimi nitamleta muuguzi.