Tupeane uzoefu: mtoto mwenye ulemavu na shule za Marekani

Kwa familia za wakimbizi waliotoka Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na kwingineko wakahamishiwa Marekani. Anayezijua hatua za shule na vifaa aziandike hapa kinaganaga, wanaofika sasa wasipapase gizani.

Mama Mlezi:
Anzeni na barua. Ukimwambia mwalimu mlangoni tu, hakuna ushahidi. Andika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, unachokiona (hasemi, anaanguka, hashiki kalamu), kisha: "Naomba mtoto wangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu." Kiswahili kinatosha. Weka tarehe na saini, baki na nakala. Shule ikikubali itakupa fomu ya ridhaa. Ikikataa, lazima itoe sababu kwa maandishi. Siku 60 za sheria ya taifa za kumaliza tathmini zinahesabiwa tangu shule ipokee ridhaa yako, si tangu barua, na baadhi ya majimbo yana muda wao. Wengi hukwama hapo: fomu imelala ndani ya begi la mtoto, mzazi anasubiri simu. Akionekana anastahili, mkutano wa IEP (mpango wa maandishi wa elimu maalumu ya mtoto wako) ufanyike ndani ya siku 30.

Mkalimani Iowa:
Mkiambiwa "tusubiri kwanza ajue Kiingereza", ombeni hilo nalo liandikwe. Mtoto anaweza kupata masomo ya Kiingereza na elimu maalumu kwa pamoja. Makosa huja pande zote mbili: asiyejua Kiingereza anahesabiwa ana ulemavu wa akili, na mwenye usonji anaachwa miaka mizima ikidhaniwa ni lugha tu. Dawa yake ni habari za nyumbani. Mwelezeni mpimaji alianza lini kutembea, anasemaje Kiswahili au Kibembe akiwa na wadogo zake, kama aliwahi kupata degedege au malaria kali. Vyeti vya daktari viko kwenye ule mfuko wa IOM (shirika la uhamiaji) mliosafiri nao. Pelekeni nakala, si asili. Na kama mtoto ameandikwa amezaliwa 1 Januari kwa makadirio tu, semeni, kwa sababu vipimo humlinganisha na watoto wa umri ulioandikwa.

Mkalimani wa mkutano hulipwa na shule. Jamani, msimkalishe dada yake mtoto kutafsiri. Ni mzigo mkubwa kwake, na mengine atayaficha ili msiumie.

Baba Viti:
Kiti cha magurudumu: daktari aandike, mtaalamu wa viungo ampime mtoto akiwa amekaa, kisha barua ya kueleza kwa nini anakihitaji iende Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo). Kwa aliye chini ya miaka 21 mwenye Medicaid, kifaa cha lazima kitabibu kinagharamiwa. Msikubali kipana "akue nacho": mwili unalalia upande, mgongo unapinda. Kila jioni tazama makalio na vifundo. Wekundu usiotoweka baada ya dakika 30 maana yake kiti kinambana, piga simu kirekebishwe.

Mgeni Mpya:
Wangu ana miaka 2, na shule iko mbali.

Mama Mlezi:
Chini ya miaka 3 si shule, dada. Mwambie daktari wa mtoto akuandikie huduma za mapema za jimbo, yaani msaada kwa watoto wadogo wenye ulemavu au wanaochelewa kukua. Mara nyingi wahudumu huja nyumbani. Akikaribia miaka 3 anza habari za shule, na usafiri uandikwe ndani ya IEP. Usipoandikwa, basi linaweza lisije.